Waranti ya Songea

Jumatatu. Mvua ilianza kabla ya kengele ya kazi na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijakatika. Matoroli yamekwama kwenye tope, mashine ya kukamulia majani imezimwa, na wakata mkonge wamerudi kambini na visu vyao bila kukata hata jani moja. Wengi wamelala. Mimi nimekaa mlangoni penye mwanga, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya debe. Goti limevimba kama tikiti.

Moyo wangu ni mzito. Nitaandika yote humu, maana sina wa kumweleza yote.

Leo nimemaliza mkataba. Ni wa kwanza kuumaliza tangu nije katika nchi hii ya mkonge, na nilikuja sina hata ndevu. Sasa zina mvi.

Nilidhani siku hii ikifika nitaruka.

Asiyejua mambo yetu ajue hivi. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, akitimiza vipande vyake vyote, kila kipande siku thelathini za kazi zilizotiwa alama na nyapara, shamba linampa waranti, yaani karatasi ya kusafiria bure mpaka kwao. Akitoroka kabla ya hapo, hana chake, na bomani Kilosa jina lake linaandikwa katika kitabu cha watoro. Mimi nimetoroka mara nne. Sikutoroka kwa uvivu, wala kwa kuogopa miiba. Nilitoroka kwa ajili ya mpira.

Kwetu ni Kasulu. Jina langu ni Melkiori Ruhuza. Nayaandika haya wazi kwa sababu katika shamba zima wanaoyajua ni watu watatu, na wawili kati yao wamejua leo.

Nilikuja kwa treni, behewa limejaa vijana wa Buha, nchi yetu Waha, tukateremshwa Kilosa na namba zetu shingoni. Nikapelekwa shamba la upande wa Kimamba. Padri wa kwetu alikuwa amenifundisha kusoma, kuandika na kucheza mpira. Shule niliiacha darasa la pili, mpira sikuuacha. Miezi ya mwanzo nilikata mkonge kama wenzangu, miiba ikanitoboa mapaja mpaka nikawa kama mtu aliyepona ndui. Jumapili tulicheza pekupeku kwenye uwanja wa kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge, magoli yetu ni boriti mbili za mkonge na kamba juu. Nyapara akaniona ninavyowapiga chenga watu wazima. Jumatatu yake hakunipa kisu. Alinipeleka kugeuza singa juani, kazi ya wazee na wagonjwa.

Hapo ndipo nilipoharibika.

Siku moja tulicheza na shamba la ng'ambo ya mto Mkondoa, nikafunga mawili. Mchezo ulipokwisha mtu wao mmoja alinifuata mtoni nilikokuwa nanawa miguu.

"We bwana mdogo, hapa wanakulisha nini?"

"Ugali na maharage."

"Kwetu mchezaji anakula nyama kila Jumapili. Na viatu anapewa."

Nikamwambia mkataba wangu haujakwisha. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mkataba wameandika jina lako," akasema, "hawakuandika miguu yako."

Nilikuwa nimebakiza miezi minne tu. Nikavuka mto.

Ng'ambo niliandikwa Salumu, kwa sababu Melkiori alikuwa anatafutwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu wachezaji. Ukihama shamba unaacha jina nyuma, unachukua jingine. Makarani walijua, wanyapara walijua, na mabwana wenye mashamba hawakuuliza maadamu unafunga. Nilicheza na hafu mmoja wa kushoto aliyekuwa amebadili majina mengi hata alikuwa haitiki akiitwa. Ilibidi tumpigie mluzi. Tulikuwa tukimcheka sana yule.

Sitasema uongo, ng'ambo ya Mkondoa nilikuwa na raha. Nilicheza winga ya kulia. Tulipokuwa tukienda uwanja wa Kilosa mjini, watu walitoka sokoni wakaacha biashara. Walinipa jina la Kiberenge, kile kigari cha reli, kwa sababu nikishika njia yangu ya pembeni sitoki mpaka mwisho wa reli. Viatu nilipewa kweli, vikanichubua, nikavitundika shingoni na kucheza pekupeku vile vile, watu wakazidi kunipenda. Mwaka tuliochukua kikombe, Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, alikuwa amekaa chini ya turubai na mkewe. Kikombe alikabidhiwa meneja wetu. Sisi tulichinjiwa ng'ombe.

Barua za nyumbani zilikuwa zinakwenda shamba la kwanza, kwa Melkiori. Moja tu ilinifikia, imechakaa kwa kupita mikono mingi. Mama alikuwa anauliza kama nina afya, na kama nitarudi wakati wa kupanda au wakati wa kuvuna. Nilimjibu kwamba nitakuja mvua zikiisha. Jina jipya sikumtajia. Mama hajui kusoma, barua zake husomwa na katekista, na nikaona aibu katekista asome mbele ya watu kwamba mtoto wa misheni sasa anaitwa Salumu. Kwa aibu hiyo ndogo nilijifungia njia ya barua. Nyingine sikupata tena mpaka leo.

Kisha meneja wa kule aliondoka, akaja mwingine asiyependa mpira. Uwanja wetu akaulima kitalu cha miche. Timu nzima tukarudishiwa visu. Wengine walivipokea, wakakata, wakamaliza mikataba yao wakaenda kwao. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa na watu. Nikahamia shamba la tatu kwa jina la Joni. Timu ile ilikuwa mbovu, tukifungwa hata na polisi wenye mabuti mazito. Nako sikukaa.

Sasa naandika jambo linaloniuma kuliko mengine.

Baada ya shamba la tatu nilipata kazi katika gengi la reli. Tulilala katika mahema kando ya njia, tukibadilisha mataruma ya reli. Kila treni ya kwenda Kigoma ikifika tulipo inapunguza mwendo, na mimi nasimama na koleo natazama watu wamekaa madirishani wanakula ndizi, wanakwenda kwetu. Msimamizi alituahidi kwamba kazi ikiisha, kila mtu atapanda treni bure mpaka stesheni anayotaka. Nilikuwa nimebakiza juma moja.

Ndipo akaja Gaudensi. Ni Mngoni wa Songea, golikipa wa shamba hili nililopo sasa, na wakati ule alikuwa tayari nyapara wa uwanja wa singa. Mwenye shamba ni Mgiriki anayependa mpira kuliko chakula, na winga wake alikuwa amevunjika mkono.

"Kiberenge, mchezo mmoja tu," Gaudensi akaniambia. "Jumapili, Kilosa. Jumatatu panda treni yako."

Nilicheza mchezo mmoja. Nilifunga. Mgiriki aliingia uwanjani na viatu vyake vyeupe akanishika mkono mbele ya umati. Treni ikaenda Kigoma bila mimi.

Kwa kuwa wakati ule bomani walikuwa wanawasaka zaidi watoro wa Buha, Gaudensi akanipa jina la ukoo wake. "Sema wewe ni Kasiani Komba, mdogo wangu," akasema. "Mtu akikusemesha Kingoni, kohoa." Karani akaniuliza kwetu wapi. Nikakohoa, nikasema Songea. Akaandika. Tukatoka nje na Gaudensi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nilicheka. Hilo nalikumbuka vizuri.

Mwaka wa kwanza hapa nilicheza vizuri. Wa pili, fulubeki mmoja alinikanyaga goti, likalia kama kuni kavu. Nililala hospitali, nikatoka nachechemea. Mgiriki hakunifukuza, nashukuru, lakini salamu yake ilikwisha. Alikuwa akinipita kama anavyopita toroli. Nikawekwa kusugua singa kwenye mashine ya brashi, vumbi linaingia kifuani, nikakaa huko mpaka mkataba ukafika mwisho. Watu husema nimetulia, nimekuwa mtu mzima. Si kweli. Nimemaliza mkataba huu kwa sababu hakuna timu iliyonitaka tena.

Miezi mitatu iliyopita waliletwa manamba wapya, na mmoja wao ni Muha, jina lake Bonifasi. Alipangiwa nyumba jirani na yangu, tukawa tunapika sufuria moja. Ni mtu wa heshima. Kila asubuhi, "Shikamoo, kaka Kasiani," nami naitikia marahaba. Siku ya tatu tu, tunakula, akaanza kuuliza watu.

"Jamani, hakuna anayemjua Melkiori Ruhuza wa Kasulu? Mchezaji mpira. Kuna mama yake kule kijijini kwetu, macho yamemwishia. Kila anayerudi kutoka mkonge anamwendea anamshika mkono, anamuuliza, hukumwona mwanangu?"

Kila mtu akasema hamjui. Hawakudanganya. Gaudensi alinitazama, akatazama chini.

Mimi nilisema, "Nipe chumvi."

Nilijitetea moyoni kwamba nikijitaja nitakamatwa kabla mkataba haujakwisha, nikose waranti. Nilijiambia nivumilie miezi mitatu, kisha nipande treni, nimtokee mama mlangoni bila barua. Nilikuwa nimesahau kabisa nilichomwambia karani siku ile tukicheka. Naapa nilikuwa nimesahau. Au sikutaka kukumbuka.

Jana Jumapili ndipo nilicheza kwa mara ya mwisho. Winga wetu alishikwa na homa, na wageni walikuwa ni lile shamba la ng'ambo ya Mkondoa. Gaudensi alimwendea Mgiriki akaniombea. Mgiriki akainua mabega tu. Nikafunga goti kwa kitambaa nikaingia.

Dakika za kwanza mpira haukunijia. Ulipokuja, nikausimamisha, na hapo nikasikia sauti kutoka upande wa wageni.

"Kiberenge! Huyo si Salumu Kiberenge?"

"Kiberenge gani huyo? Hilo ni behewa bovu!"

Wakacheka. Wakaanza kuita wengi, Kiberenge, Kiberenge, kwa kejeli na kwa mapenzi pia, nilisikia yote mawili. Mwili ukasisimka. Nikamhadaa wa kwanza, nikashika pembeni, nikaona goli liko wazi kabisa, nikasema leo nitawaonyesha. Goti likakataa. Nilianguka bila kuguswa na mtu, mpira ukajitokea wenyewe nje. Fulubeki wao, mtu wa miraba minne, alikuja akaniinua kwa makwapa kama anainua mgonjwa.

"Pole, baba," akasema.

Baba. Kwa sauti nzuri kabisa. Lingekuwa tusi ningelimezea. Nikamwambia asante mwanangu, nikatoka. Mgiriki alikuwa anawasha sigara. Tulifungwa mawili, na mimi sikutazama yaliyobaki.

Asubuhi ya leo nikachukua kadi yangu ya mwisho, imejaa alama zote thelathini, nikaenda ofisini katika mvua. Karani ni Bwana Athumani, mtu wa pwani, mpole. Alinipongeza, akaniketisha, akafungua sanduku.

"Kasiani Komba. Hii hapa waranti yako. Una bahati, lori la kwenda Nyanda za Juu linapita Mikumi Alhamisi. Toroli la shamba litakufikisha barabarani. Iringa, Njombe, mpaka Songea."

Nikaona neno lile limepigwa mhuri. Songea.

"Bwana karani," nikasema, "kwetu si Songea."

"Ni wapi?"

"Kasulu. Kwa treni. Upande wa Kigoma."

Akacheka kwanza. "Utani huo wapelekee Wangoni wenzako." Kisha akaniangalia usoni, na kicheko kikamtoka polepole. Akainuka akafunga mlango.

Nilimwambia yote. Alisikiliza, kalamu mkononi, wino ukidondokea karatasi yake. Nilipomaliza akasema mtu anarudishwa alikoandikwa, kitabu hakifutwi. Akasema nikilipeleka jambo hili kwa meneja atafukuzwa yeye kwanza, maana ndiye aliyeniandika, na alijua wakati ule kwamba Mngoni hakohoi hivyo.

"Nina watoto wanne, ndugu yangu," akasema. "Pokea hii karatasi. Nakusihi. Ukishaipokea, mimi na wewe tumemalizana salama."

Nimeipokea. Ipo hapa, ndani ya daftari.

Nauli ya kujilipia sina. Nilichokuwa nikipata nilikila na kukivaa, kama wachezaji wote tunavyofanya tukidhani kuna Jumapili nyingine. Kwa miguu siwezi. Kutoka kambini mpaka ofisini tu nimepumzika mara mbili. Na Songea ni upande mwingine kabisa. Kila maili ya lori lile itanipeleka mbali zaidi na mama.

Gaudensi naye mkataba wake umekwisha, anaondoka na lori hilo hilo. Adhuhuri alikuja hapa mlangoni, koti kichwani, akakaa kwenye kizingiti. Nilipomweleza alishika kichwa.

"Mimi nimekuponza," akasema.

"Tulicheka wote wawili."

Kisha akasema, "Twende Songea basi. Nasema kweli. Mama yangu yupo, atakupokea. Nitamwambia huyu ndiye Kasiani. Tutalima, goti litapona. Jumapili tutawafundisha vijana mpira."

Nilitamani, sifichi. Gaudensi ndiye mtu pekee aliyekuja hospitali nilipolazwa. Niliiona nyumba yake, nikauona moshi wake, nikamwona mama wa watu akinikaribisha kwa jina la kuazima. Nikamwambia, "Kaka, mama yako akinipokea, wangu je?" Alichokora tope kwa kijiti, ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mtu wa kwao alifungwa Kilosa kwa kutolipa kodi. Alipotoka gerezani, serikali ilimpa waranti mpaka wilaya yake, na jina lilikuwa lile lile alilofungwa nalo.

"Serikali haiachi wafungwa wa watu wazurure mjini," akasema. "Inawarudisha kwao." Akasimama. "Lakini mimi sikukwambia uende jela. Umesikia? Sikukwambia."

Akaondoka mbio katika mvua, na ninajua alikuwa analia, maana Gaudensi haendi mbio hata mpira ukiwa unaingia.

Nikakaa. Baada ya hapo nikaenda kwa Bonifasi. Alikuwa barazani kwake anachambua maharage. Nikamwamkia kwa Kiha.

Aliitika kabla hajajua nani kamwamkia. Kisha akainua uso.

"Kaka Kasiani, Kiha umejifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu. Anaitwa Anastazia, nyumba yake iko chini ya misheni, kwenye migomba. Bonifasi, ni mimi. Ndimi Melkiori."

Nilitegemea atanikumbatia. Aliweka ungo chini taratibu. Akaniangalia kutoka goti mpaka kichwani, akarudia tena.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nauliza, na wewe unaniomba chumvi."

"Niliogopa kukamatwa."

"Mimi nimeshamwandikia." Sauti yake ilikuwa ya chini, ningependa apige kelele. "Mwezi uliopita, kwa katekista. Mama yako aliniapisha nimtumie jibu, lolote litakalokuwa. Nimeuliza hapa, nimeuliza kijiji cha Ulaya, hapa hapa Kilosa, siku ya soko, nimeuliza Kisanga, nimewauliza wasukuma matoroli wa mashamba yote. Wote hawakujui. Nikamwandikia, mama, nimetafuta, mwanao hayupo huku. Usingoje tena."

Usingoje tena.

Niliuliza kama anaweza kuandika barua nyingine. Alitikisa kichwa. Si kwa hasira, kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema katekista akimsomea barua ya pili mama atadhani tunampoza tu. "Yule haoni," akasema. "Hataamini karatasi. Atataka kukushika uso."

Nimerudi hapa.

Nimejiuliza kama ningelirudia, siku ile mtoni ninawa miguu, ningemjibu nini yule mtu. Nataka kuandika kwamba ningekataa. Lakini nimeahidi kuandika kweli. Naona ningevuka tena. Ile sauti ya watu wa Kilosa mjini, mimi nimeshika pembeni, nao wote wanavuta pumzi pamoja, sijaisikia mahali pengine popote duniani. Mama hakuwahi kunisikia nikishangiliwa. Siku zote hizo alikuwa anasikiliza mlango.

Nimekata shauri. Kesho asubuhi, mvua ikikatika isikatike, nitaomba nafasi kwenye toroli la singa linalokwenda stesheni Kilosa. Waranti ya Songea nitamwachia Gaudensi, ampe amtakaye, au aichane. Karani Athumani sitamtaja. Nitaingia bomani, nitavua kofia, na karani wa Bwana Shauri akiniuliza shida yangu nitamwambia mimi ni mtoro. Melkiori Ruhuza wa Kasulu. Nimekuja mwenyewe. Wanifunge kwa jina langu, wanitoe kwa jina langu, wanipandishe treni ya Kigoma. Kuvunja kokoto nikiwa nimekaa naweza. Miezi michache si kitu kwangu. Ila kwa mama sijui, maana ameshaambiwa asingoje.

Jela siiogopi. Naogopa jambo jingine, na limenijia sasa hivi nikiandika. Ni miaka mingi imepita. Naogopa karani atakifungua kile kitabu cha watoro, atapitisha kidole chini mpaka mwisho wa ukurasa, kisha aniambie, mzee, nenda zako, hapa hakuna anayekutafuta.